Kaske ya muziki na sikio la mtu wa mine



Mwisho wa mwezi, mshahara ukitoka, meza za wauza simu zinazungukwa na watu. Kitu kinachoulizwa sana siku hizi ni vyombo vya kusikilizia visivyo na waya: vile vidogo vinavyoingia katika tundu la sikio, ambavyo tunaviita ekutere, na ile mikubwa ya kufunika masikio yote mawili, ambayo tunaiita kaske. Bei yake si ndogo. Ndiyo maana kila mtu anatafuta chombo kimoja kitakachomfaa mahali pote: safarini, nyumbani kwa michezo ya video, na katika mazoezi ya mwili.

Labda utasema: "Hayo ni mambo ya duka. Ukurasa wa usalama na afya unayatakia nini?" Jibu ni hili. Mtu anayefanya kazi katika ofisi anarudi nyumbani na masikio yaliyopumzika. Wewe unayeshinda karibu na mashini ya kutoboa mawe, kinu cha kusaga mawe au kompresa, unarudi na masikio ambayo yamekwisha kula sehemu yao ya kelele kwa siku hiyo. Kilichobaki ni kidogo, na kaske unayonunua itatumia hicho kidogo. Kwa hiyo wewe unapaswa kuichagua kwa uangalifu kuliko karani.

NENO MOJA, VITU VITATU

Kwanza tuondoe fujo ya majina. Kwetu neno "kaske" linabeba vitu vitatu. Kuna kofia ngumu ya kichwani. Kuna vikombe vya kuzuia kelele ambavyo unapewa na ofisi ya usalama. Halafu kuna kaske ya muziki. Hii ya tatu haiwezi kamwe kushika nafasi ya ile ya pili.

Wako wanaosema: "Lakini yangu inafuta kelele, muuzaji amenionyesha." Ni kweli, iko mitambo inayofuta kelele, nami nitaieleza hapa chini. Lakini inafuta vizuri mvumo mzito usiobadilika, kama ule wa ndege au wa injini ya basi. Pigo la nyundo, mlio wa chuma juu ya chuma, kelele kali ya ghafula, hayo inayapunguza kidogo tu. Kikombe cha kazi kimepimwa, na juu yake au katika karatasi yake kuna hesabu inayoonyesha kinapunguza desibeli ngapi. Tafuta hesabu hiyo katika boksi la kaske ya muziki: kwa kawaida hutaiona.

Tena muziki unakuficha hatari. Lori kubwa linaloenda kinyumenyume, sirene, sauti ya mwenzako anayekuita kwa sababu jiwe linalegea juu ya kichwa chako: mambo hayo yanapita upesi kuliko wimbo. Viko vikombe vya kazi vilivyopimwa ambavyo ndani yake kuna Bluetooth, lakini hivyo vinatolewa na watu wa usalama wenyewe, si na duka la sokoni. Kaske ya muziki ibaki nyumbani, pamoja na viatu vya Jumapili.

SIKIO LINA HESABU YAKE

Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kidogo kilichojikunja kama nyumba ya konokono. Humo mna chembe zenye vinywele vidogo sana, karibu 15,000 kwa kila sikio. Sauti ikiingia, vinywele vinatikisika kama mahindi penye upepo, na habari inaenda katika ubongo. Upepo ukizidi, mahindi yanalala chini, ukitulia, yanainuka. Lakini upepo mkali wa kila siku unavunja mashina, na chembe hizo kwa mwanadamu hazioti tena. Hakuna sindano wala kidonge cha kuzirudisha.

Nguvu ya sauti inapimwa kwa desibeli. Kipimo kinachofuatwa na wataalamu wengi wa kazi ni desibeli 85 kwa saa 8 za kazi. Sasa shika hesabu hii: kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu. Desibeli 88 ni saa 4. Desibeli 91 ni saa 2. Desibeli 94 ni saa 1. Desibeli 97 ni nusu saa. Desibeli 100 ni dakika 15 tu, nayo mashini ya kutoboa mawe inapita 100. Simu nyingi, ukifungua sauti mpaka mwisho, zinaweza kufikisha masikioni mwako karibu hizo 100.

Kwa kusikiliza muziki, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitoa kipimo katika mwaka 2019: desibeli 80 kwa saa 40 za juma kwa mtu mzima, na desibeli 75 kwa saa hizo hizo kwa mtoto. Lakini hesabu hiyo haikumpangia mtu aliyetoka kushinda katika kelele. Wewe toa kwanza sehemu uliyokwisha kula kazini.

Na hapa uko mtego, ambao nataka ushike kuliko yote niliyoandika. Mtu akitoka katika kelele kubwa, sikio lake linakuwa zito kwa saa kadhaa. Anasikia kama amefungwa pamba. Anaweka ekutere, anaona muziki uko chini, anapandisha. Yeye anaona ni sauti ya kawaida, kumbe ni kali sana. Sikio lililochoka linaomba kuchapwa tena, kama mtu mlevi anayeomba glasi nyingine. Kesho yake anaenda kazini bila kupona vizuri, na hivyo mwaka mzima.

Dawa ya mtego huo ni rahisi. Siku ya mapumziko, asubuhi, ukiwa umelala vizuri, weka muziki mahali penye kimya. Pandisha sauti mpaka unasikia vizuri bila kujilazimisha, halafu hesabu ni vipande vingapi kwenye kioo cha simu. Hicho ndicho kipimo chako. Ukitoka kazini usikipite, hata kama unaona ni kidogo. Simu nyingi zina mahali pa kufunga sauti isipite kipimo. Mwambie kijana wako akufungie. Na kama umetoka katika kelele na sikio linalia "nziii", jioni hiyo usiweke kitu chochote katika sikio.

Na wewe mama, jua kwamba kelele ya kazi inaanza kuiba sauti nyembamba. Mzee atasikia injini ya gari vizuri sana, lakini hatashika maneno ya mtoto wa kike, wala herufi kama "s" na "f". Anajibu lisiloulizwa, watoto wanacheka. Usifikiri ni kiburi au pombe. Mlete kwetu.

Neno moja la kupita: kinini kwa malaria inaweza kuleta mlio masikioni, na kwa kawaida unaisha dawa ikiisha. Lakini sindano za streptomisini, kanamisini na jentamisini zinaweza kuharibu sikio kwa daima. Ukiwa katika dawa hizo, pumzisha masikio, tena mwambie munganga kama unasikia mlio.

SAFARINI

Sasa twende dukani. Chukua safari ya basi kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi, kilomita zipatazo 300. Injini inanguruma, madirisha yanatetemeka, dereva naye ana muziki wake. Ili usikie wako juu ya hayo yote, unapandisha, unapandisha, na unafika Kolwezi kichwa kinauma. Kosa si la muziki, ni la kelele iliyo chini yake. Ukiiondoa kelele hiyo, muziki mdogo unatosha.

Kuna njia mbili za kuiondoa. Ya kwanza ni kuziba tu: mpira laini unaojaza tundu la sikio, au mto wa kaske unaokaa vizuri pande zote. Hii haitumii umeme, na ndiyo inayosaidia kwa sauti nyembamba na za watu. Ya pili ni ule mtambo wa kufuta kelele. Kipaza sauti kidogo kinasikia mvumo wa nje, nacho chombo kinatoa sauti iliyo kinyume chake, na hizo mbili zinauana. Mwalimu mmoja wa Marekani, Amar Bose, alianza kufikiri jambo hilo mwaka 1978 akiwa katika ndege kutoka Zürich, kwa sababu kelele ya injini ilimharibia muziki. Kaske ya kwanza ya kampani yake kwa marubani ilitoka mwaka 1989. Leo mtambo huo umeingia hata katika ekutere ndogo.

Kwa mtu wa mine, naona kufuta kelele ndicho kitu cha kwanza cha kulipia. Si anasa. Anayelala mchana baada ya kazi ya usiku anaweza kuuwasha bila muziki wowote, na mvumo wa barabara unapungua. Lakini usiamini maneno ya boksi. Vaa chombo karibu na jenereta ya duka, washa mtambo, zima, washa tena. Kama huoni tofauti, rudisha.

Jaribu pia mipira. Katika boksi nzuri mna saizi tatu au zaidi. Watu wanavaa ile waliyoikuta imewekwa, halafu wanalalamika kwamba chombo hakina sauti nzito. Tatizo ni tundu ambalo halikuzibwa. Masikio ya mtu mmoja yanaweza hata kutaka saizi mbili tofauti.

Kwa anayepanda ndege: kaske yenye tundu la waya inafaa zaidi, kwa sababu skrini nyingi za viti bado zinataka waya. Na betri ikiisha, waya unakuokoa. Betri za akiba usiziweke katika sanduku linaloenda chini. Zinasafiri nawe juu, kwa sababu ya moto.

KATIKA MCHEZO

Watoto wanajua jambo hili kuliko wazee. Bluetooth inachelewesha sauti. Kwa muziki hakuna shida, na filamu nyingi simu inazipanga zenyewe. Lakini katika mchezo wa video, mtoto anapiga mpira na sauti ya mguu inakuja nyuma. Kuchelewa kwa Bluetooth ya kawaida kunaweza kufika sehemu ya tano ya sekunde. Kwa hiyo chombo cha mchezo kiwe na moja ya mambo haya: njia ya mchezo inayopunguza kuchelewa, au kifaa kidogo cha kuchomeka katika USB ambacho kinapeleka sauti kwa redio yake chenyewe, au waya. Kifaa hicho cha kuchomeka ndicho bora.

Angalia pia mashini ya mchezo yenyewe. PlayStation 4 na PlayStation 5 hazipokei kaske ya kawaida ya Bluetooth. Zinataka kifaa cha kuchomeka au waya. Nintendo Switch ilianza kupokea Bluetooth ya sauti mwezi wa 9 mwaka 2021, lakini bila kipaza sauti. Baba wengi wananunua kwanza, wanagundua baadaye.

Jambo jingine: ukitumia kipaza sauti cha Bluetooth ya kawaida ili kuzungumza na wenzako katika mchezo, sauti unayosikia inaharibika, inakuwa kama simu ya zamani. Si kwamba umeuziwa kibovu. Ndivyo njia hiyo ilivyo.

Upande wa afya, mchezo una ubaya wake. Mtu hasikilizi wimbo mmoja. Anakaa saa tatu, nne, na mabomu yanalipuka ndani ya sikio. Anapandisha sauti ili asikie nyayo za adui, na mlipuko unakuja kwa sauti hiyo hiyo. Kwa watoto, nunua kaske iliyofungwa isipite desibeli 85, na hata hiyo isivaliwe siku nzima. Kanuni ambayo wengi wanaifuata ni sauti isipite 60 kwa 100 ya nguvu, na baada ya dakika 60 masikio yapumzike.

KATIKA MAZOEZI

Adui ni jasho, na kwetu wakati wa kiangazi ni vumbi. Soma herufi IP katika boksi. Namba ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. Penye X maana yake hawakupima. IPX4 inastahimili marashomarasho ya maji kutoka pande zote, basi na jasho. IPX7 inastahimili kuzama katika maji ya mita 1 kwa dakika 30. Lakini hizo mbili hazisemi lolote juu ya vumbi. Kwa mtu wa Katanga napenda zaidi IP55: tano ya kwanza ni vumbi, tano ya pili ni maji yanayomwagwa kwa mpira. Kaske kubwa ya kufunika masikio mara nyingi haina namba yoyote, na mito yake inanywa jasho na kunuka. Kwa kuinua vyuma, ekutere ni bora, hasa zenye mshipi wa kushika sikio.

Anayekimbia barabarani ni habari nyingine. Malori ya shaba hayatakusubiri. Usikimbie na masikio yamezibwa na mtambo wa kufuta umewashwa. Chagua ekutere zenye njia ya kuingiza sauti za nje, au zile zisizoingia katika tundu, au zile zinazokaa juu ya mfupa mbele ya sikio na kupeleka sauti kwa kutetemesha mfupa. Lakini usidanganyike kuhusu hizo za mfupa: zinaacha tundu wazi, ila sauti inafika katika konokono yule yule. Ukizifungua kwa nguvu zinaharibu vile vile.

NINUNUE IPI BASI?

Kama pesa ni za chombo kimoja tu, na unasafiri na kufanya mazoezi zaidi kuliko kucheza, chukua ekutere zenye mipira ya kuziba, mtambo wa kufuta kelele, njia ya kuingiza sauti za nje, namba IPX4 au zaidi, na njia ya mchezo. Kama nyumbani kuna mashini ya mchezo na watoto wawili wanaigombania, chukua kaske yenye njia zote mbili, Bluetooth na kifaa cha kuchomeka, pamoja na tundu la waya. Hiyo ya mwisho haipendi jasho. Chombo kinachofanya yote vizuri sijakiona, hata cha bei kubwa.

Betri: ekutere nzuri inakaa saa 5 mpaka 8, na kisanduku chake kinaijaza tena mara kadhaa. Kaske nzuri inafika saa 30 na kupita. Betri hizo ndogo mara nyingi zina kobalti ndani yake, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo; pengine unarudishiwa masikioni kazi ya mikono ya jirani yako. Usiziache juani katika gari, usizijaze chini ya mto wa kulalia. Iliyovimba usiitoboe wala usiitupe motoni.

Vya kuiga vimejaa sokoni. Jina kubwa kwa bei ndogo sana ni uongo. Hasara yake si pesa tu: vingi vina sauti ya kukwaruza, na mtu anaipandisha akitafuta usafi ambao haumo. Kitu cha jina dogo lakini halisi, chenye karatasi ya garanti na duka linalojulikana, ni afadhali kuliko jina kubwa la kuigwa.

Usafi sasa. Futa mipira kila juma kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa alkoli, uache ikauke. Ekutere ni kama mswaki: mmoja kwa mtu mmoja. Katika nyumba ambamo watoto wanaazimana, usaha wa sikio unapita kwa ndugu wote. Sikio linalotoa maji au linalouma lisizibwe na kitu chochote mpaka limepona. Na nta ya sikio usiichimbe kwa kijiti cha kiberiti. Unaisukuma ndani, na ekutere inaikandamiza zaidi. Tukiwa na maji ya vuguvugu na bomba la sindano, dakika chache zinatosha.

Na wale ambao majina yao yako katika orodha ya kupimwa masikio mwaka huu: masikio yapumzike saa 14 kabla ya kipimo, bila kelele ya kazi na bila kaske. Mtu akifika ametoka kusikiliza muziki njiani, karatasi yake inaonyesha sikio bovu kuliko lilivyo, nasi hatuwezi kujua kama ni mashini au ni wimbo. Basi tunampangia siku nyingine.